Kula Desemba kwa Raha: Mwongozo kwa Anayeogopa Sahani ya Krismasi

Wiki ya kwanza ya Desemba ikiingia tu, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Nile chapati ngapi? Nyama choma ya usiku inanenepesha? Nisile kitu tarehe 24 ili nijiwekee nafasi ya tarehe 25? Kisha Januari linakuja lile lingine: hili tumbo nalitoaje kabla sare za kazi hazijakataa kufunga?

Mimi ni mpishi wa sherehe hapa Nairobi. Napikia harusi, ruracio (sherehe ya mahari), matanga, vyama vya akina mama na karamu za ofisi za kufunga mwaka. Nimesimama nyuma ya meza ya chakula miaka mingi nikipakulia watu, na anayeniumiza moyo si yule anayekula sana. Ni yule anayefika mbele ya sufuria ya pilau, uso umemkunjuka kwa hamu, halafu anasema, "Najua nakosea, lakini niwekee tu." Hakosei. Pilau ile nimeamka saa kumi usiku kukaanga vitunguu vyake, na nataka iliwe kwa amani.

Kwa hiyo nimeyaweka majibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu umepangwa kwa Desemba, kuanzia Sikukuu ya Jamhuri hadi Mwaka Mpya. Anayesherehekea Idd anaweza kuutumia vilevile kwa kubadilisha tarehe. Biriani na kaimati hufuata utaratibu uleule.

Angalizo kabla hatujaanza. Ikiwa una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au gauti, au una mimba, pita kliniki yako kabla ya sikukuu na uulize maswali yako huko. Usiache dawa ili upate nafasi ya kula au kunywa. Anayejidunga insulini na asile anaweza kushukiwa na sukari hadi azimie, na hilo ni hatari kuliko kipande chochote cha keki.

Utakavyohitaji

- Kalenda na kalamu. Ya simu pia inafaa.
- Kijiko kikubwa cha mezani na kijiko kidogo cha chai, vya kupimia mafuta, chumvi na sukari.
- Sahani ya kawaida ya nyumbani. Sinia tuwaachie wanaokula wengi pamoja.
- Mikebe yenye vifuniko, hata ile ya siagi ukiiosha vizuri. Tafuta mingi kuliko unavyofikiri.
- Viatu unavyoweza kutembea navyo nusu saa bila kuumia.
- Mboga na matunda ya siku tatu hadi nne, uwe umenunua kufikia tarehe 23. Mama mboga wengi mitaani hufunga kibanda wakaenda nyumbani, na wewe utabaki Embakasi una nyama kilo tano na huna hata nyanya.

Mizani ya kujipimia huhitaji. Chai ya kupunguza tumbo pia huhitaji. Nitaeleza kwa nini mbele.

Hatua ya 1: Hesabu milo

Chukua kalenda. Kutoka tarehe 12 Desemba hadi tarehe 1 Januari ni siku 21. Ukila mara tatu kwa siku, hiyo ni milo 63. Sasa zungushia alama milo ya sherehe peke yake: mchana wa Jamhuri, chama kufunga mwaka, karamu ya kazini, mchana wa Krismasi, choma ya tarehe 26 kwa shemeji, usiku wa tarehe 31, mchana wa Mwaka Mpya. Ni saba. Ongeza ruracio ya binamu, inakuwa minane. Imebaki 55, nayo ni ya ugali na sukuma, githeri, uji, wali na ndengu, kama mwezi mwingine wowote.

Ile minane ule kwa raha zako. Inayotuvuruga ni ile 55 tukiila kana kwamba nayo ni sherehe: keki ya jana na chai asubuhi, soda na bhajia saa nne, pilau iliyobaki saa kumi alasiri, na usiku hakuna anayekumbuka alikula nini.

*Kosa la kawaida:* kuzungushia siku nzima. Krismasi ni mlo mmoja mkubwa. Asubuhi yake na usiku wake ni milo ya kawaida.

Hatua ya 2: Chagua viwili unavyovipenda kwa dhati

Kwa kila sherehe uliyoweka alama, andika vyakula viwili ambavyo ukivikosa utahisi hukwenda. Labda ni mukimo wa shosho, yaani viazi vya nyanya yako vilivyopondwa na mahindi na majani, na kuku wa kienyeji. Labda ni chapati za mama na mchuzi wa mbuzi. Hivyo viwili utakula bila kujibana, na hutamwomba mtu yeyote msamaha.

Vingine jiulize swali moja: hiki nakipata mwaka mzima? Biskuti za pakiti, krispi na soda viko kwenye kila duka kuanzia Rongai hadi Githurai. Mukimo wa shosho unausubiri mwaka mzima. Nimeona watu wakishiba vya dukani kabla sufuria hazijafunuliwa, na huwa nawahurumia kweli.

Hatua ya 3: Kula asubuhi ya sherehe

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote. Mwaka mmoja, kabla sijaanza kazi hii, niliamua kutokula chochote asubuhi ya Krismasi ili "nifidie" mchana. Chakula kilichelewa, kama kawaida, tukakaa mezani saa tisa. Nilikula haraka hata sikuonja. Usiku sikulala kwa kiungulia, na kesho yake nikaanza kujiadhibu kwa maji ya ndimu siku tatu. Siku ya nne nikashindwa, nikasema basi, nimeshaharibu, nitaanza Januari. Nilirudi kwenye mpangilio mwezi wa Machi. Mlo mmoja ulinigharimu miezi mitatu, na hata huo mlo siukumbuki ladha.

Asubuhi kula kitu chenye protini au nyuzinyuzi: mayai mawili na kipande cha nduma, uji wa wimbi, viazi vitamu na chai ya maziwa, maharagwe ya jana na parachichi. Usishibe sana. Unataka kufika kwenye sherehe una hamu, huna njaa ya kutetemesha mikono.

Hatua ya 4: Ipange sahani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona makosa mengi nikiwa na upawa mkononi.

Meza ya sherehe ya Nairobi ina tatizo lake la pekee: wanga upo wa kila aina. Utakuta pilau, chapati, mukimo, viazi vya kukaanga, matoke, na mara nyingine wali mweupe kwa ajili ya mzee asiyependa viungo. Mgeni anachukua kidogo cha kila kimoja kwa heshima, na kufikia kwenye nyama sahani imeshajaa. Kachumbari anaiweka juu kama pambo.

Fanya hivi:

a) Tembea urefu wa meza kwanza bila sahani. Tazama kuna nini. Hakuna atakayekucheka, na ukirudi nyuma ya foleni utakuwa unajua unachokitaka.

b) Anza na mboga. Kachumbari, kabeji, managu, terere, kunde, chochote cha majani kilichopo kichukue karibu nusu ya sahani. Ukiacha mboga mwisho, nafasi haitapatikana.

c) Weka nyama au kuku wa kutosha kiganja chako bila vidole. Maharagwe na ndengu vinahesabika hapa pia.

d) Wanga chagua aina mbili, kila moja nusu ya ulivyozoea. Pilau vijiko viwili vya kupakulia na chapati nusu ni sahani nzuri kabisa. Chapati moja ya kukaangwa vizuri inaweza kumeza kijiko kizima cha mezani cha mafuta, na kijiko hicho kina kalori kama 120 kabla hujahesabu unga. Sisemi usile. Nasema ijue, uile ikiwa moto, uichane kwa vidole, usiimalize kwa kupita ukiwa umesimama jikoni.

e) Kaa chini. Kula mezani au hata kwenye mkeka, lakini uketi. Anayekula akizunguka hajui amekula mara ngapi.

f) Ukimaliza, subiri dakika 20 kabla ya kurudi. Tumbo huchelewa kupeleka habari kichwani. Piga hadithi, mwulizie shangazi habari za ng'ombe wake. Zikiisha na bado una njaa, rudi, na usirudi kwa aibu. Mara nyingi utakuta unachotaka ni kipande cha nanasi tu.

*Kosa la kawaida:* kumaliza sahani kwa sababu "chakula hakitupwi". Ni kweli hakitupwi, ndiyo maana nilikuambia uje na mikebe.

Hatua ya 5: Ubao wa nyama choma

Choma ina hatua yake kwa sababu haina sahani. Iwe umeketi Kenyatta Market, Kariokor, Burma au nyuma ya nyumba kwa shemeji, nyama inakuja kwenye ubao, inakatwakatwa, na mikono minane inaingia. Hakuna anayejua amekula kiasi gani hadi ubao uishe na mtu aagize kilo nyingine.

Dawa yake ni ndogo. Omba kisahani. Kata sehemu yako, iweke hapo na ugali na kachumbari, usogee nusu hatua kutoka kwenye ubao. Mkiagiza, robo kilo mbichi kwa kila mtu mzima pamoja na mifupa inatosha. Anzeni na hiyo, mtaongeza. Jueni tu kwamba nyama hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake ikichomwa, kwa hiyo msishangae kilo ikirudi ndogo, mkamgombeza mchomaji wa watu.

Palipoungua na kuwa makaa pakate uache. Chumvi ya pembeni iguse kwa ncha ya nyama, usiizamishe. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyote: mchuzi, ugali wa mikahawa unaotiwa siagi yenye chumvi, krispi, na huo ubao. Na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama? Kula kipande chako, ikiwa moto, kwa muuzaji unayemwamini usafi wake. Iliyolala tangu asubuhi juu ya meza iache.

Hatua ya 6: Vinywaji

Watu wengi wanalalamikia chapati na kumbe walinywa sukari. Soma kibandiko cha chupa. Soda nyingi tamu zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 ina kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Shirika hilohilo la Afya linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, kama gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja imemaliza siku nzima. Juisi za pakiti nyingi zina sukari ya kukaribia hiyo, hata kama picha ya nje ni ya embe.

Ukitaka soda, kunywa moja ndogo, ya baridi, unayoipenda, pamoja na chakula. Kiu ikate kwa maji. Desemba ni msimu wa maembe, na mananasi ya Thika hayakosekani; jagi la maji lenye vipande vya nanasi, ndimu na majani ya mnanaa huisha kwenye meza yangu kabla ya soda, nimeliona hilo mara nyingi.

Chai nayo ihesabu. Tarehe 25 na 26 unaweza kutembelea nyumba tano, na kila nyumba ni kikombe chenye vijiko viwili. Hivyo ni vijiko kumi, kama gramu 40, na hujagusa keki. Mwambie mwenyeji mapema, "Yangu mama, usiweke sukari, nitajiwekea." Hakuna mwenyeji aliyekasirika kwa hilo.

Pombe: kula kwanza, kila glasi ifuatwe na glasi ya maji, na aliyekunywa asiendeshe gari wala pikipiki. Hapo sina la kuongeza.

Hatua ya 7: Ukiwa wewe ndiye mpishi

Mwenye sufuria ana nguvu kuliko mwenye sahani, na haya ninayafanya hata kwenye kazi za kulipwa.

Pima mafuta kwa kijiko. Ukimimina kutoka kwenye jerikeni mkono haujui pa kusimama. Kwa kilo moja ya mchele wa pilau, vijiko vinne hadi vitano vya mezani vinatosha ikiwa nyama ina mafuta yake. Rangi na ladha ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa pole pole hadi kikawa kahawia, na kwenye bizari nzima, mdalasini, iliki na pilipili manga. Wengi huongeza mafuta kwa sababu kitunguu kilikosa subira.

Viungo vya pakiti vya mchuzi vingi vina chumvi tayari. Ukivitia, onja kabla ya kuongeza chumvi nyingine.

Kachumbari fanya mara mbili ya ulivyopanga, na uiweke mwanzo wa meza pamoja na mboga za majani. Nimejaribu kupanga meza namna zote. Kinachokuwa cha kwanza ndicho kinachojaza sahani, kwa hiyo chapati zangu siku hizi hukaa mwisho karibu na matunda, chini ya kitambaa, na hakuna aliyewahi kukosa kuziona.

Na onja kwa kijiko kidogo. Mpishi anayeonja kwa upawa huketi mezani akiwa ameshiba, halafu anakula tena ili wageni wasiseme chakula kina kasoro.

Hatua ya 8: Tembea

Dakika 15 baada ya mlo mkubwa, mwendo wa kuzungumza. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, na tumbo hupata nafuu. Si adhabu ya ulichokula, na tafadhali usiigeuze iwe hivyo. Usikimbie na pilau tumboni.

Tarehe 25 mitaa ya Nairobi huwa na utulivu ambao hatuupati mwezi mwingine. Magari yamekwenda mashambani, hata barabara zinazotutesa asubuhi za Jumatatu unaweza kuzivuka kwa miguu ukiangalia miti. Tembeeni mtaa mzima na watoto. Siku zinazofuata, Karura, Arboretum na City Park zina vivuli vya kutosha. Karura hutoza kiingilio, nenda mapema kabla watu hawajajaa. Wageni wako kutoka Mombasa wakihema kwenye kilima kidogo wavumilie. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mapafu yanahitaji siku chache kuzoea.

Kwa wiki nzima, lengo la mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani. Nusu saa siku tano, imekwisha.

Hatua ya 9: Kiporo

Sherehe ya mchana mmoja inakuwa ya siku nne kwa sababu ya mabaki. Kabla wageni hawajaondoka, toa mikebe. Fungia kila mmoja chake. Shosho afungiwe kwanza.

Kinachobaki kigawe siku hiyohiyo kwenye mikebe midogo na ukiweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Usiache sufuria ya pilau juu ya jiko hadi asubuhi: wali uliopoa polepole huzaa vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukipasha moto. Ukipasha, pasha mara moja tu, hadi utoe mvuke katikati. Ndani ya siku tatu uwe umeisha. Umeme ukikatika saa nyingi usibahatishe na kuku.

Nyumba isiyo na friji ipike kidogo zaidi na igawie majirani jioni ileile. Chapati zikiwekwa kwenye friza, zikitenganishwa na karatasi, hufika Januari bila shida, na utakuwa na chapati moja ya Jumanne badala ya sita za tarehe 26.

Hatua ya 10: Kesho yake, amka kama kawaida

Usiruke kifungua kinywa. Usifunge. Usijipime uzito. Kula uji wako, kunywa maji yako, mchana kula ugali na mboga.

Najua wengine watapanda mizani tarehe 26 na kuona kilo mbili zaidi. Elewa kilichotokea. Chumvi huvuta maji mwilini. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji karibu mara tatu ya uzito wake. Na chakula chenyewe bado kiko tumboni. Ili kuweka kilo moja ya mafuta halisi, ungehitaji kula takriban kalori 7,700 juu ya mahitaji yako ya siku. Hata kwenye meza yangu hilo ni gumu kwa mchana mmoja. Kula kawaida siku nne au tano, maji yataondoka yenyewe.

Ndiyo maana hizo chai za "kusafisha" zinaonekana kufanya kazi. Nyingi zina majani ya kuharisha. Zinatoa maji na choo, mizani inashuka, mafuta yako palepale, na wewe una kizunguzungu kwenye matatu.

Mambo yakienda kombo

*Nimekula kupita kiasi, tumbo linaniuma.* Legeza mkanda, tembea polepole, kunywa maji kidogo kidogo. Usilale chali kabla ya saa mbili au tatu kupita. Ukilala, inua kichwa kwa mito. Lakini maumivu ya kifua yanayokaza na kuelekea mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usiyaite gesi. Kimbia hospitali.

*Choo kimekuwa kigumu tangu tarehe 25.* Nyama nyingi, mboga kidogo, maji kidogo. Papai asubuhi, maharagwe, sukuma, maji, na kutembea.

*Mama mkwe anasema sijala, ananiongezea.* Sifu kwanza, kisha omba cha kubeba: "Mama, chakula kimeniweza kweli. Naomba unifungie nikale kesho nikukumbuke." Mpishi anataka kujua chakula chake kimependwa, na kukifunga ni heshima ileile. Mimi nikiambiwa hivyo huongeza kipande cha nyama.

*Shangazi ameniambia mbele ya watu kwamba nimenona.* Kwa wazee wengi hiyo ni salamu, hata sifa, lakini najua inavyochoma. Jibu, "Tunashukuru Mungu tu wazima, shangazi. Na miguu yako inaendeleaje?" Kisha rudi kwenye sahani yako. Usiache kula ulichokuwa unakula kwa sababu ya neno hilo.

*Nimevuruga siku tatu mfululizo.* Basi ni milo tisa kati ya 63. Mlo wa kumi uko mbele yako. Kula ugali na managu. Usingoje Jumatatu wala Januari.

*Niko mashambani, chakula hakiko mikononi mwangu.* Lakini shamba liko nje ya mlango. Jitolee kuchuma kunde au majani ya malenge, jitolee kukata kachumbari. Anayesaidia jikoni hujipangia sahani bila maneno.

*Nakula kwa kujificha, kisha najitapisha au nameza dawa za kuharisha.* Ndugu yangu, hili halitatuliwi na mwongozo wa Krismasi, na si udhaifu wa roho. Ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, na muone daktari au mshauri wa afya ya akili hata kabla ya sikukuu kuisha.

*Binti yangu ana miaka minane, amekataa keki, anasema inanenepesha.* Amelisikia mahali, na pengine ni kwetu, tukijilaumu mbele yake kila tukishika chapati. Usimhutubie wala usimlazimishe. Acha kusema "chakula kibaya" nyumbani kuanzia leo, usimlazimishe kumaliza sahani, na usimpe keki kama zawadi ya kumaliza mboga. Tarehe 25, kata vipande viwili, kimoja chako. Keti mezani, kile polepole akikuona, umsimulie Krismasi za utotoni mwako na nani alikuwa akipika. Kipande cha pili kiache pale.